UZI: Kampuni ya burudani yenye makao Burbank iweke wapi akselereta yake ndani ya Los Angeles?

Mzee wa Makadirio (mwanzisha uzi)

Salaam wakuu. Mjadala huu ulianzia kwenye uzi mwingine ukafutwa kwa kutoka nje ya mada, nimeona niuhamishie huku ujitegemee.

Kampuni kubwa ya filamu na televisheni yenye makao makuu Burbank inataka kuanzisha akselereta, yaani programu ya miezi mitatu hivi ya kulea kampuni changa za teknolojia: inazipa mtaji kidogo, mahali pa kufanyia kazi na washauri kutoka ndani ya kampuni mama. Jiji ni Los Angeles. Ofisi ikae wapi?

Kwa asiyelijua jiji lile: Los Angeles yenyewe ina kama kilomita za mraba 1,200 za nchi kavu, na kaunti yake ina miji 88. Burbank, Glendale, Santa Monica na Culver City si mitaa ya LA, ni miji kamili yenye mabaraza yake. Halafu katikati imelala milima ya Santa Monica. Kaskazini yake ni bonde la San Fernando, na Burbank iko upande wa mashariki wa bonde hilo. Kusini magharibi ni pwani: Santa Monica, Venice, Playa Vista, ambako kampuni za teknolojia zilijazana mpaka pakabatizwa Silicon Beach. Kutoka pwani hadi Burbank ni kilomita 30 na ushee, ila LA hakuna anayekutajia kilomita. Ukiuliza ni mbali kiasi gani unajibiwa kwa dakika, na kabla ya kujibiwa unaulizwa utaondoka saa ngapi.

Jibu la haraka la kila mtu ni pwani, kwa kuwa vijana wako huko. Snap, wenye Snapchat, ilikulia Venice, Google ilikwenda kukaa kwenye hanga ya zamani ya ndege ya tajiri Howard Hughes pale Playa Vista, YouTube ilifungua studio yake ya watengeneza video hapo hapo mwaka 2012. Mantiki ni kwamba ukitaka samaki uende yaliko maji.

Mimi napinga. Kampuni changa haiendi kwenye akselereta ya kampuni ya burudani kutafuta kiti na intaneti, na hela nayo si kivutio kikubwa. Disney ilipoanzisha yake mwaka 2014 kwa kushirikiana na Techstars, waendeshaji wa akselereta, ilitangaza mtaji wa hadi dola 120,000 kwa kila kampuni. Si haba, lakini hela ya namna hiyo kijana mwenye wazo zuri anaipata kwingine. Asichoweza kukipata kwingine ni mtu mwenye mamlaka juu ya wahusika, hadithi, mbuga za burudani na rafu za maduka.

Angalieni Sphero, ile kampuni ya Boulder, Colorado iliyokuwa inatengeneza mpira unaobingirika kwa kuongozwa na simu. Iliingia kwenye awamu ya kwanza ya Disney mwaka 2014, na mmoja wa washauri alikuwa bosi mkuu mwenyewe, Bob Iger. Katika kikao akawaonyesha kwenye simu yake picha za roboti wa filamu ya Star Wars iliyokuwa inapigwa wakati ule, roboti mwenye mwili wa mpira. Septemba 2015 mwanasesere wa roboti huyo, BB-8, aliyetengenezwa na Sphero alikuwa madukani. Hakuna mtaji wala darasa la biashara linaloleta kitu kama hicho. Kimeletwa na mtu mmoja mwenye siri mfukoni, kukaa chumba kimoja na watu waliojua la kuifanyia.

Kwa hiyo hoja yangu: weka ofisi karibu na wenye kalamu ya kusaini. Waanzilishi wamekuja kwa miezi mitatu tu, watasafiri popote. Makamu wa rais wa kampuni hasafiri.

Karibuni mnipige mawe.

---

Ngoja Niulize

Nimekaa siti ya mbele. Swali la mgeni: si kuna simu za video siku hizi? Umbali unaingiaje?

---

Bi Mizania

@Ngoja Niulize, simu ya video inafaa kwa kikao ambacho tayari kina ajenda, na kwenye akselereta thamani kubwa inatoka kwenye vikao ambavyo hakuna aliyevipanga. Thomas Allen wa MIT alichunguza jambo hili miaka ya 1970 kwa kufuatilia wahandisi wanavyowasiliana kikazi. Aligundua kwamba mawasiliano yanaporomoka haraka sana umbali kati ya meza na meza unavyoongezeka, na ukishavuka kama mita 50 ni karibu sawa na mtu aliye jengo jingine kabisa. Mita 50, ndugu yangu. Hapa tunabishania kilomita 30 zenye mlima katikati.

Mzee, nakuunga mkono nusu. Nusu nyingine nitarudi nayo, acha kwanza watu waseme.

---

Chepe la Mchana

Hili nimeliishi, niruhusuni niseme.

Niliwahi kufanya kazi kwenye kampuni changa pale Venice, watu wachache, ofisi juu ya duka la mbao za kuteleza. Tukapata kikao Burbank kwenye studio moja (jina nalihifadhi), saa nne asubuhi. Tuliondoka saa mbili kasoro. Ile barabara ya 405 inapopanda kwenye upenyo wa Sepulveda ilikuwa imesimama. Mwanzilishi wetu alivua koti akalitundika nyuma ya kiti lisijikunje, akawa anajisomea maelezo yake kwa sauti, akimaliza anaanza upya. Tulifika dakika chache kabla ya muda. Geti wakatafuta majina kwenye orodha, moja halikuwepo, wakapiga simu, tukasubiri. Kikao chenyewe kikaisha upesi sana kwa sababu mwenyeji alikuwa na kingine.

Lililoniuma ni alichosema akitusindikiza kwenye lifti: "Kesho asubuhi mngekuwepo ningewapeleka kwa watu wa vinyago na midoli, wana nafasi kidogo. Piteni tu." Piteni tu! Kwake kupita ni kushuka ghorofa mbili. Kwetu kupita ni nusu siku ya watu watatu. Tukasema tutapanga. Barua pepe zikaenda, zikarudi, watu wale wakasafiri, habari ikaishia hapo.

Wakati wa kurudi unaishika barabara ya 101 kuelekea magharibi, halafu 405 inakupokea tena. Hakuna aliyeongea garini.

Mzee kapiga mule mule.

---

Kamba Mbili

Chepe, pole. Ila hadithi moja isitufunge macho. Nina pingamizi mbili za maana.

Ya kwanza ni uhuru. Ukiiweka kampuni changa mlangoni kwa mkubwa, ndani ya mwezi inakuwa fundi wa mkubwa. Kila mkuu wa idara anapita na ombi lake dogo: tufanyie hiki, turekebishie kile. Waanzilishi wanafurahi kwa sababu wanahisi wanapendwa. Miezi mitatu ikiisha wana bidhaa inayomfaa mteja mmoja duniani. Ukiwa ng'ambo ya mlima, angalau anayekuletea ombi amelifikiria kabla ya kuwasha gari.

Ya pili ni kwamba wapo waliofanya kinyume kabisa. Turner, kampuni ya televisheni yenye makao Atlanta, ilipoanzisha akselereta yake, Media Camp, mwaka 2012 haikuwavuta vijana Atlanta. Ilienda kuiweka San Francisco, nchi nzima upande wa pili. Walikuwa na akili timamu: walitaka kuona yanayochipuka kabla hayajafika kwenye meza ya mtu yeyote. Akselereta ni darubini pia, siyo duka la kusaini mikataba tu.

---

Mzee wa Makadirio

@Kamba Mbili, hizo nondo nzito. Nianze na Turner maana ndiyo ngumu zaidi.

Naona pale kuna malengo mawili yanayochanganywa. Kama unataka kujifunza, kuona teknolojia inaelekea wapi, nenda San Francisco na hata hutakiwi kuwa na ofisi LA. Kama unataka kampuni changa ziondoke na mkataba na wewe uondoke na bidhaa, unahitaji wakuu wa idara zako wakutane nazo kila wiki. Wakuu hao walikuwa Atlanta. Mwaka 2013 New York Times walipofanya yao, timeSpace, waliziingiza kampuni changa ndani ya jengo lao wenyewe Manhattan. Comcast pia, LIFT Labs yake iko Philadelphia kwenye mnara wake. Kila mmoja alichagua kwa alichokuwa anakitaka. Uzi huu nimeuwekea sharti la kampuni inayotaka mikataba. Nilipaswa kulisema juu kule, nalisema sasa.

Kuhusu uhuru, unasahau Burbank ni nini. Mkubwa hayuko peke yake pale. Warner Bros. wako mtaa wa pili, Universal wako bondeni hapo chini kidogo, DreamWorks Animation wako Glendale. Kijana akiona anageuzwa fundi wa nyumba moja, anatembea kwa miguu kwenda nyumba ya pili. Pwani ndiko angekuwa na mteja mmoja, kwa sababu ndiye huyo huyo anayemlipia ofisi.

---

Reli ya Kati

Mnabishana pwani na bonde, mbona katikati ya jiji hamkutaji? Stesheni ya Union iko pale. Karibu njia zote za Metrolink, treni za kuunganisha miji ya jirani, zinaanzia pale, ukitaka Glendale au Burbank ni vituo vichache. Reli ya mjini inayokwenda Santa Monica ilifika ufukweni mwaka 2016, na tangu 2023 njia za reli hiyo zimeunganishwa kwa handaki chini ya mji, hubadilishi treni mara nyingi kama zamani. Chuo Kikuu cha USC kiko jirani. Ofisi tupu zimejaa tangu 2020, wenye majengo wanabembeleza. Mfano hai: Warner Music walihama Burbank mwaka 2019 wakaenda Arts District, mtaa wa katikati ya jiji, kwenye jengo lililokuwa kiwanda cha magari ya Ford. Kama Burbank ni tamu kiasi hicho, walikimbia nini?

---

Bi Mizania

@Reli ya Kati, mfano mzuri lakini unausoma kwa upande mmoja. Kampuni ya muziki watu wake wa kila siku ni wasanii na watayarishaji, na hao wametapakaa upande ule wa mjini. Walihamia kwa watu wao. Hiyo ndiyo hoja ya Mzee hiyo hiyo, imevaa nguo nyingine.

Shida ya katikati ni kwamba LA haina katikati kwa maana mnayoijua. Ukiweka ofisi mjini hujawa karibu na wote. Umekuwa mbali na wote kwa usawa. Mtu wa Burbank lazima awashe gari, mtu wa Santa Monica lazima awashe gari, na mtu akishawasha gari LA habari ya "napita tu" imekufa. Metrolink ipo, nakubali, ila muulize mkuu wa idara yeyote wa studio mara ya mwisho alipanda lini.

Hoja ya ofisi tupu ina uzito kwa mtu anayejilipia. Hapa anayelipa ni kampuni kubwa, na pango la watu arobaini au hamsini kwa miezi mitatu ni senti kwake.

---

Ngoja Niulize

Na Hollywood? Jina lenyewe linajiuza.

---

Chepe la Mchana

Hollywood ndiyo ninayoweza kuielewa kama chaguo la pili. Paramount wako pale Melrose, Netflix wana mnara wao Sunset, na treni ya chini ya ardhi inakwenda upande mmoja mjini na upande mwingine inapita chini ya milima hadi Universal City na North Hollywood. Mkazi wa bonde na mkazi wa mjini wote wanafika bila gari. Ila mkuu wa Burbank bado ana mlima wa kuvuka. Ni mfupi, lakini ni mlima.

Na wale wanaoota kwamba barabara itaongezwa mambo yawe mepesi: 405 ilichimbwa kuanzia 2009 hadi 2014, zaidi ya dola bilioni moja, wakaongeza njia kwenye ule upenyo. Julai 2011 waliifunga wikiendi nzima, jiji likaingiwa na hofu mpaka wakabuni jina la maangamizi ya magari. Mradi ukaisha. Foleni iko pale pale. Reli ya kuvuka upenyo ule bado ni michoro.

---

Kamba Mbili

Sawa, tuseme nimekubali Burbank. Wawekezaji je? Hela kubwa iko Santa Monica na Silicon Valley. Hao watakuja bondeni?

---

Mzee wa Makadirio

Wa Silicon Valley ndio wepesi kuliko wote! Uwanja wa ndege wa Burbank uko ndani ya mji, mdogo, ndege za Oakland, San Jose na San Francisco zinaruka zaidi kidogo ya saa moja. Unashuka, unatembea, uko nje. Linganisha na LAX, uwanja mkuu wa Los Angeles, ambako kutoka tu uwanjani ni safari. Mwekezaji anatua asubuhi, anaona kampuni zote, jioni yuko kwake. Wa Santa Monica ana safari mbaya zaidi kuliko wa San Jose, kichekesho cha jiji lile.

Na mwekezaji humhitaji kila siku. Anakuja siku ya maonyesho mwishoni, labda na mara moja moja katikati. Huwezi kupanga makazi ya miezi mitatu kwa ajili ya mtu wa siku mbili.

---

Bi Mizania

Sasa nirudi na ile nusu yangu. Burbank ndiyo, lakini siyo ndani ya geti.

Kila mtu anayesikia "karibu na wakuu" anakimbilia kuwapa vijana chumba ndani ya uwanja wa studio. Kosa kubwa. Chepe kashawaeleza habari ya jina lisilokuwepo kwenye orodha. Sasa fikiria jina hilo ni la mhandisi unayetaka kumwajiri, au mteja wako, au mwenzako wa kampuni nyingine anayekuja saa tatu usiku kukusaidia programu iliyogoma. Studio ina siri za filamu, ina haki ya kuwa na geti kali. Akselereta inaishi kwa watu wanaoingia bila taarifa. Haviwezi kukaa boma moja.

Tena kuna jambo la mkuu mwenyewe. Akiwaita vijana ofisini kwake yeye ndiye bosi, wao ni waombaji. Akitoka getini akavuka barabara akaingia kwao, anavua ubosi kidogo. Anakaa kwenye kiti kibovu, anashika kifaa chenyewe, anauliza maswali ya kijinga ambayo kwake asingeuliza mbele ya wasaidizi wake.

Kwa hiyo: nje ya geti, kwa mguu. Ile sehemu ya Burbank kati ya Riverside Drive na Alameda imejaa majengo ya ofisi ya kawaida na watu wa studio wanakula mchana huko huko. Mtu akitoka kula awe anapita mlangoni.

---

Kamba Mbili

Glendale vipi? Kampuni mnayoizungukia, yaani Disney, ina eneo lake pale palipokuwa uwanja wa ndege wa zamani, Grand Central, na wabunifu wa mbuga zake za burudani wako Glendale tangu 1961. Kama kampuni changa ni za roboti, miwani ya uhalisia pepe, vifaa vya mbugani, hao ndio watu wao. Na Glendale haitozi biashara kodi ya mauzo ghafi kama LA inavyotoza.

---

Bi Mizania

Hapo umenipata kidogo. Kwa kampuni za vifaa, ndiyo, Glendale inaishinda Burbank, maana mhandisi wa mbugani ana karakana na mkuu wa filamu hana. Kodi achana nayo, kampuni ya miezi mitatu isiyo na mauzo inatozwa nini?

Ningeamua kwa kuangalia orodha ya walioingia awamu hiyo. Wakiwa wengi wa vifaa, Glendale. Wakiwa wengi wa video, matangazo na michezo ya kompyuta, Burbank. Kati ya hapo na hapo ni kilomita chache tu na hakuna mlima wa kuvuka.

---

Reli ya Kati

Mnaongea kama walioingia wote ni wachanga wanaohitaji kiti. Mwaka 2017 Disney waliwaingiza Epic Games, watengenezaji wa michezo ya kompyuta, kampuni kubwa tayari, makao yake Cary, North Carolina. Hao hawakuhamia bondeni na familia zao. Na 2024 Disney ikatangaza kuwekeza dola bilioni 1.5 kwao. Umbali ulizuia nini?

---

Mzee wa Makadirio

@Reli ya Kati, haukuzuia kitu, kwa sababu Epic ana uzito. Akipiga simu inapokelewa. Mkubwa kwa mkubwa wanakutana popote, hata angani. Ninayemjadili mimi ni yule ambaye simu yake haipokelewi, na njia pekee ya kukumbukwa ni kuonekana. Ukiniambia programu imebadilika sasa inachukua wakubwa watupu, basi ofisi haina haja kabisa, wape chumba cha mikutano na tiketi za ndege.

Baada ya michango yenu pendekezo langu limenyooka hivi. Ofisi iwe mtaani Burbank, nje ya geti, mwendo wa dakika kumi kwa mguu usiozidi hapo. Awamu ya vifaa ihamie Glendale. Siku moja kwa wiki, tuseme Alhamisi, wote wawe Santa Monica au Culver City kwenye meza za kukodi kwa siku, wakutane na wawekezaji na wenzao wa pwani. Waondoke Burbank baada ya foleni ya asubuhi na wasirudi ofisini jioni hiyo. Na washauri wote kutoka kampuni mama wasaini kwamba watavuka barabara mara moja kila wiki. Asiyeweza asiwe mshauri, hata awe na cheo gani.

---

Kamba Mbili

Hilo la kusaini nalipenda kuliko la mahali. Maana naona mkuu wa idara anaweza kuwa dakika kumi kwa mguu na asije miezi mitatu yote.

---

Chepe la Mchana

Ataletwa na chakula cha mchana. Wekeni siku ya kula pamoja, msiiite kikao.

Ila hamjagusa maegesho. Waanzilishi kumi, kila mmoja na timu, wengi wamekuja na magari, na mitaa ya Burbank karibu na studio ina sehemu kibao za wakazi tu zenye vibali. Jengo lisilo na maegesho yake mwenyewe msilichukue hata wakiwapa bure. Nimeona timu inaamka kwenye kikao kila baada ya saa mbili kwenda kusogeza gari.

---

Bi Mizania

@Chepe kweli kabisa. Na muulize mwenye jengo kama nafasi za wageni zimo kwenye bei au zinalipiwa pembeni. Wengi wanalificha hilo mpaka siku ya kusaini.